Matundu Ishirini na Sita

Mvua ya kwanza ilipiga milimani Jumatatu, na Jumanne adhuhuri Fundi Havuji aliisikia kwa nyayo. Alikuwa amekaa mezani kwake, viatu kavua, kikombe cha chai mkononi, sakafu ikaanza. Du. Kimya. Du, du. Mlio mdogo, mzito, kama wa mtu anayebisha hodi kwa mkono uliofungwa kitambaa. Akavaa viatu. Viatu havikusaidia kitu, na kwa miaka ishirini na mitatu vilikuwa havijasaidia.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imeegemea guu la bwawa, pale maji yanapotokea chini baada ya kuzungusha mitambo ya umeme. Waliokuwa wakibisha ni ningu, wale samaki wa midomo mizito wanaokwenda wakilamba mawe. Kila mvua ya kwanza ningu hupanda mto kwenda kutaga mayai kwenye vijito vya juu, na kila mwaka, tangu bwawa lijengwe, hufika ukutani wakaugonga kwa pua. Mtaalamu mmoja aliwahi kumwambia Havuji kwamba samaki hawezi kusikika kupitia zege la unene ule. Alikuwa bwana mstaarabu, mwenye kofia nzuri. Alikuja kiangazi.

Kwenye karatasi, njia walikuwa nayo. Ubavuni mwa bwawa ilipanda ngazi ya samaki: mfereji wa zege uliokatwa na kuta fupi ishirini na sita, kila ukuta ukishika kidimbwi chake, ili samaki apande kidimbwi kwa kidimbwi, apumzike, apande tena, mpaka atokee ziwani juu. Kwenye kidimbwi cha mwisho palikuwa na chumba kidogo chenye kioo kilichotazama ndani ya maji, na mashine iliyorusha mwali wa mwanga. Samaki akikata mwali, mashine inasema tik, na namba inasogea. Kazi ya Havuji ilikuwa kuondoa takataka kwenye nondo za juu, kusafisha kioo, na kila Ijumaa kusoma namba na kuipeleka ofisini kwa simu. Takataka aliondoa. Namba alisoma. Kioo hakukigusa, kilikuwa kimeota ukoga kama kifuniko cha pipa, na hakuna bosi aliyewahi kuinama kukitazama.

Jina la Havuji alipewa na waashi wenzake enzi za ujana. Tangi alilojenga yeye halikuvuja, paa halikuvuja, hata karo la kufulia la mama mmoja jirani, lililojengwa kwa sementi ya kuombaomba, halikuvuja. Ngazi nzima aliijenga yeye na genge lake la watu kumi na wawili. Wenzake walikwisha tawanyika, wengine walikwisha zikwa. Yeye alibaki kuwa mlinzi wa kazi ya mikono yake, na watu walimwona mwenye bahati.

Alasiri ile gari la ofisi likasimama mlangoni. Akashuka msichana mwenye buti za mpira na bomba la plastiki la kubebea ramani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye injinia?"

"Ndiye mimi. Ulimtegemea nani?"

"Mtu mwenye tumbo."

Injinia akacheka. "Tumbo linakuja na cheo. Nipe miaka kumi."

Akaitandaza ramani mezani, akaikandamiza pembe kwa kikombe, sahani, kibiriti na simu yake. Ilikuwa ramani ya zamani ya ngazi ileile. Akaeleza shida yake kwa kifupi. Bwawa la pili linajengwa kwenye mto wa pili, ule wa upande wa machweo ambao haujaguswa. Ofisi imeamua ngazi ya huko ifanane na hii, kwa sababu hii ina sifa. Samaki elfu arobaini na moja mwaka jana peke yake. Ametumwa aipime ilivyo, achore upya, na Ijumaa ramani iwe mezani kwa wakubwa.

"Mto wa pili," akasema Havuji.

"Unaujua?"

"Nina mpwa wangu huko. Mtoto wa dada yangu. Anauza samaki."

"Basi unaona. Tunamjengea na yeye."

Chini ya meza sakafu ikagonga. Injinia akatazama viatu vyake, kisha akamtazama mzee. Havuji akainua kikombe, ramani ikajikunja pembe.

Jumatano asubuhi walianza kupima. Havuji alishika ncha moja ya tepu, injinia nyingine. Urefu sawa, upana sawa, unene sawa. Saa nne hivi injinia alisimama kwenye ukuta wa tatu, ramani mkononi, akainama mpaka pua ikakaribia maji.

"Baba, hapa chini pana tundu kwenye ramani. La mraba, shubiri moja na nusu, sakafuni kabisa. Kila ukuta una lake, mara kushoto, mara kulia." Akatia fimbo ya kupimia ndani ya maji, akapapasa. "Mbona siligusi?"

"Labda limejaa tope."

"Sigusi tope. Nagusa zege."

Havuji alitazama fimbo. Angeweza kumwonyesha mahali penyewe akiwa amefumba macho, ukuta wa tatu, upande wa kulia, kiwiko kimoja kutoka kona.

"Sisi tulijenga tulivyoambiwa, injinia," akasema.

Na huo haukuwa uongo, ndiyo maana ulimkaba.

Ilikuwa hivi. Siku tatu kabla ya sherehe ya kufungua bwawa, maji yaliingizwa kwenye ngazi kwa majaribio. Yakashuka kimyakimya. Yalipenya chini, kwenye yale matundu, na juu ya kuta yakamwagika kidogo tu, utando mwembamba kama jasho. Nyapara akaja kutazama. Alivaa viatu vyeupe siku hiyo, viatu vyeupe kwenye eneo la ujenzi, na wako watu hadi leo wanaovikumbuka kuliko hotuba yoyote iliyosomwa pale. Akasimama, mikono kiunoni.

"Fundi, hii kitu mbona inavuja?"

Mbele ya watu kumi na wawili. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Havuji neno hilo. Alihisi shingo ikichemka.

"Ni matundu ya kwenye ramani, bosi."

"Ramani itakaa jukwaani na mgeni wetu? Mgeni anakuja kuona maporomoko, anakuja kupigwa picha. Mimi nimuonyeshe bomba la choo? Ziba."

Angeuliza. Swali lenyewe lilikuwa fupi: matundu ni ya nini? Aliyechora ramani alikwisha lipwa na kuondoka, lakini kijiji cha dada yake kilikuwa mwendo wa nusu siku kupanda mto, na mtoto yeyote wa kule angemjibu. Ningu haruki. Ningu hajawahi kuruka tangu dunia iumbwe. Huenda tumbo sakafuni, akitafuta mlango. Havuji mwenyewe alizaliwa kule, alikula ningu kabla ya kuota meno. Alijua. Lakini fundi wa aina yake hawezi kulitazama tundu akalipenda, na shingo ilikuwa bado inachemka. Kwa siku tatu aliziba: kokoto ndogo, sementi ya kutosha, mchanga uliochekechwa mara mbili. Akalainisha kwa mwiko, akasugua kwa gunia bichi, mpaka aliyejua mahali pa tundu akatia shaka kama liliwahi kuwapo. Siku ya sherehe maji yaliruka ukuta hadi ukuta, meupe, yakinguruma. Watu wakapiga makofi. Nyapara akampa mkono.

Kisha ikaja miaka. Kijiji cha juu kikangoja mvua ya kwanza, mvua ikaja peke yake. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa nne wakaletewa semina. Waliambiwa wamevua kupita kiasi. Waliambiwa nyavu zao zina macho madogo. Waliambiwa wafuge nyuki. Wakapewa kofia. Na kila mmoja aliyesimama kulalamika alionyeshwa karatasi yenye namba ya mashine: samaki wanapita, kama hawafiki kwenu ni ninyi. Mtu mwenye njaa akionyeshwa karatasi hana la kusema, na wenye karatasi wanalijua hilo vizuri sana.

Dada yake Havuji, mkubwa wake kwa miaka sita, yeye hakuandika barua wala hakwenda semina. Kila mwaka, mvua ya kwanza, alishuka kwa miguu mpaka hapa, akasimama getini.

"Wameanza kupita?"

"Wanapita, dada. Mashine inasema."

Mara ya mwisho Havuji alimshika mkono akamwingiza chumba cha mashine, amwonyeshe. Namba ilikuwa inawaka, ndefu, na wakiwa wamesimama palepale ikasema tik. Dada aliitazama kwa muda mrefu. Hakujua kusoma, lakini ule mlio aliuelewa.

"Hiyo namba," akasema, "nitaitia chumvi nile?"

Kisha akaenda kwenye guu la bwawa, akaweka sikio ukutani, akakaa hivyo mpaka kivuli kikahama. Alipoondoka hakuaga. Kabla ya mvua iliyofuata alikuwa amekwisha kufa, na kijiji kilikuwa kimebaki nyumba tano, na binti yake alikuwa amefunga mizigo kuhamia mto wa pili, kuwafuata samaki waliko.

Tangu hapo dada alionekana. Si usiku, usiku Havuji alilala kama watu wengine. Ni adhuhuri, jua likiwa wima, mvua za kwanza zikishaanza. Dada alikaa kwenye ukuta wa saba, miguu ndani ya kidimbwi, nguo imelowa mpaka kiunoni, akimpa mgongo. Hakugeuka. Hakusema. Angesema lolote, hata tusi, Havuji angepata la kujibu. Alichofanya ni kuinama, kutia mkono majini hadi begani, na kupapasa chini, upande wa kulia, kiwiko kimoja kutoka kona.

Adhuhuri ya Jumatano hiyo injinia alikaa kula mkate wake kwenye ukuta wa saba. Havuji alimwambia asikae hapo.

"Pana nini?"

"Panateleza."

Injinia akahama, lakini alihama akitabasamu, kama mtu anayemstahi mzee. Akamaliza mkate, akapangusa mikono, akaichukua ramani na kalamu nyekundu.

"Nimefikiri hivi, baba. Ramani ilikuwa na matundu, waliojenga hawakuyaweka, labda waliona zege litadhoofika. Na samaki wanapita hata hivyo, elfu arobaini na moja. Maana yake wanaruka kuta. Basi matundu hayana kazi." Akakata tundu la kwanza kwa mstari mwekundu. "Ngazi mpya nitaichora bila matundu. Inakuwa imara zaidi, na fundi anapata raha."

Akakata la pili. La tatu. Havuji alimtazama mpaka akafika la saba, ndipo akaondoka. Alikwenda nyuma ya nyumba akapiga simu aliyokuwa hajaipiga kwa miaka kumi.

Nyapara alikwisha kuwa mkubwa sasa, mwenye katibu na kiti cha kuzunguka. Lakini alipokea mwenyewe, kwa bashasha.

"Havuji. Bado unaishi?"

"Bado, mkubwa."

"Zege halifi. Vipi, binti yangu wa ramani amefika? Mpe ushirikiano. Usimchoshe na hadithi za wazee."

"Mkubwa, anafuta matundu. Kwenye ramani ya mto wa pili. Anadhani hayakuwapo."

"Matundu gani?"

"Yale uliyoniambia nizibe."

Havuji alisikia kiti kikizunguka upande wa pili.

"Mimi sikumbuki matundu, fundi," akasema nyapara, kwa upole kabisa. "Wewe unakumbuka? Basi ulikuwa peke yako."

Simu ikakatika. Havuji alibaki ameishika sikioni. Hakuwa ameogopa kufukuzwa wala kufungwa. Alichokiogopa kilikuwa kimoja, na sasa kilikuwa kimesemwa kwa sauti nzuri ya ofisini: kwamba akifa yeye, hakutakuwa na mtu duniani anayejua. Zege litasema ndivyo lilivyozaliwa. Mashine itasema tik. Na kule mto wa pili mpwa wake ataweka sikio ukutani.

Alikwenda juu, akashika gurudumu la lango la maji, akalizungusha mpaka likagoma. Maji yakaacha kuingia kwenye ngazi. Ngurumo ikakatika, na baada ya miaka ishirini na mitatu ukimya ule uliumiza masikio.

"Baba, unafanya nini?" Injinia alikuwa amesimama, kalamu mkononi.

"Nimefunga maji. Tazama ngazi."

"Natazama."

"Inafanyaje?"

Akatazama. Kuta zilikoma kumwagika. Vidimbwi ishirini na sita vilitulia, kila kimoja kimejaa hadi ukingoni, kama mabakuli yaliyopangwa.

"Haifanyi kitu. Imesimama."

"Lango likifungwa, ngazi ya samaki inatakiwa kukauka. Maji yanashuka chini kwa chini mpaka tone la mwisho. Hii haikauki. Ukiondoka leo ukarudi mwezi ujao, utayakuta. Hakuna tone linalotoka."

Nyuma yao, ndani ya chumba kidogo, mashine ilisema tik.

Walitazamana.

"Hakuna maji yanayoingia," akasema injinia polepole.

"Hakuna."

"Na hakuna samaki anayepanda."

Tik.

"Sasa huyo ni nani?"

Havuji alichukua kisu cha kukwangulia rangi, akaingia chumbani, akapiga magoti mbele ya kioo. Ukoga ulitoka kwa vipande vizito, kama ngozi. Aliukwangua wote, bila haraka, kama mtu anayevua nguo mbele ya daktari. Injinia aliinama kando yake. Maji ya kidimbwi cha juu yalikuwa ya kijani, na mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha kikaja kivuli.

Alikuwa ningu mmoja, mzee, mkubwa kuliko ningu anavyopaswa kuwa, magamba yamefifia, mkia una pengo upande mmoja. Pua ilikuwa nyeupe, imesuguka mpaka kwenye mfupa. Alikuja taratibu, akapita mbele ya mwali, tik, akafika kwenye nondo za juu zinazozuia takataka, akazigusa, akageuka. Akapita tena. Tik. Akafika ukuta wa ishirini na sita, akagusa sakafuni kwenye kona, akageuka.

"Aliingia kutoka ziwani akiwa mdogo kama kidole," akasema Havuji. "Akakua. Sasa nondo hazimpitishi. Na chini hakuna mlango."

"Yuko peke yake?"

"Sijawahi kuona mwingine."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ukoga uanze kuota. Ndiyo maana niliuacha uote."

Injinia alikaa chini kwenye sakafu ya chumba, buti zake zimenyooka mbele kama za mtoto. Mashine iliendelea, tik, kimya, tik. Alitazama ile namba ndefu, ile aliyoonyeshwa mkubwa yeyote aliyeuliza, iliyochapwa kwenye vitabu, iliyojibu barua za vijiji.

"Elfu arobaini na moja," akasema. "Ni huyu."

"Ni huyu."

"Na matundu?"

"Niliziba mimi. Kwa mkono huu. Niliambiwa niyazibe, aliyeniambia hakumbuki, lakini hata yeye akikumbuka, mkono ni huu. Nilijua ningu haruki."

Injinia hakusema pole, wala hakumwambia kwamba si kosa lake. Havuji alimshukuru moyoni kwa hilo. Alisema tu, "Nionyeshe moja."

Wakaleta pampu, wakakausha vidimbwi vya chini. Havuji aliingia kwenye cha kwanza, tope mpaka vifundoni, na nyundo na tindo. Hakupapasa. Aliweka tindo mahali penyewe, akapiga. Kazi nzuri ni ngumu kuivunja, hata kwa aliyeifanya. Alipiga mpaka mikono ikafa ganzi, na saa nzima ilipita kabla kizibo hakijalegea. Kilitoka kizima, mraba, shubiri moja na nusu, uso wake laini kama wa sahani. Injinia alikipokea kwa mikono miwili. Akakiweka juu ya ramani, juu ya mmoja wa ile mistari myekundu. Kikaifunika yote.

"Vyote viko hivi?"

"Vyote."

"Fundi mzuri wewe," akasema injinia, na hapakuwa na sifa ndani yake.

Kufikia Alhamisi jioni walikuwa wamefungua matundu matano ya chini. Injinia alitaka kuona kabla hajachora. Wakafungua lango kidogo. Maji yakashuka ngazi, yakaruka kuta za juu kwa ngurumo yake ya siku zote, na kwenye zile tano za chini yakanyamaza, yakapita chini. Wakalala kifudifudi kwenye ukingo, mzee na msichana, videvu juu ya zege.

Haikuchukua muda. Kivuli cha kwanza kilitokea mlangoni mwa ngazi, kikasita, kikalamba sakafu, kikalipata tundu. Kikapita. Nyuma yake kingine, na vingine vitatu. Kidimbwi cha pili, cha tatu. Injinia alikuwa ameushika mkono wa Havuji bila kujua, kucha zimezama. Cha nne, cha tano.

Yule wa kwanza akafika ukuta wa sita. Akalamba kona ya kulia. Akalamba kona ya kushoto. Akarudi nyuma kidogo, kama mtu anayejipa nafasi. Du.

Injinia aliuachia mkono. Alikwenda garini, akakaa humo akiwa amewasha taa ya ndani, na Havuji alimwona akichora, akifuta, akichora. Alipotoka, ramani mpya ilikuwa na matundu ishirini na sita, na pembeni yake alikuwa ameandika maneno mengi. Alimsomea yote. Palikuwa na kazi ya fundi ndani yake, na agizo la nani, na samaki mmoja.

"Kesho naipeleka," akasema. "Watanikasirikia."

"Sana."

"Nitakosa lile tumbo."

"Utalikosa, mwanangu."

Akaipeleka. Hawakuipokea siku ile wala wiki ile. Ilizunguka meza hadi meza kama chungu cha moto, na nyapara alisema mbele ya watu kwamba Havuji amezeeka akili. Lakini injinia alikuwa amekiweka kile kizibo juu ya meza ya mkutano, na kitu cha uzito ule hakikunjiki kikatiwa kabatini. Mwishowe mto wa pili ukaahidiwa matundu yake. Waliahidi kwa maandishi. Havuji aliyasikiliza yakisomwa kwenye simu, akashukuru, akarudi kwenye nyundo. Alifungua la kumi, la kumi na tano. Dada alikuwa bado anakuja adhuhuri. Alikuwa amehamia ukuta wa juu zaidi, huko ambako tindo lilikuwa halijafika, na mgongo wake ulikuwa uleule.

Alipofungua la mwisho, aliomba lifti ya injinia mpaka mto wa pili.

Mpwa wake alikuwa chini ya paa la mabati, sokoni kando ya maji, anapasua ningu. Kisu kiliingia, kikatoka, utumbo ukaanguka kwenye ndoo. Mikono ilikuwa ya mama yake, hata namna ya kukunja kidole kidogo.

"Mjomba. Umepotea njia?"

"Nimekuja kukwambia neno."

"Kaa, basi. Usikae hapo, pamelowa."

Hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama, kuanzia viatu vyeupe, asiruke kitu. Kisu hakikukoma. Alipofika kwenye mchanga uliochekechwa mara mbili, mpwa wake alikwisha pasua samaki sita.

"Mama alijua," akasema mpwa.

"Alijua hawapiti. Hakujua ni mimi."

"Alijua ni wewe. Aliporudi ile mara ya mwisho, tulimuuliza kuna nini kule. Akasema, mdogo wangu akijenga kitu, hata pumzi haipiti." Akageuza samaki. "Alisema hivyo tu. Halafu akalala kwa siku mbili."

Havuji alitazama ndoo ya utumbo. Miaka yote alikuwa amejiandaa kumjibu dada, siku atakapogeuka na kumuuliza. Kumbe hakuwa anauliza.

"Nisamehe, mwanangu."

"Hilo sina," akasema mpwa, si kwa ukali, kama muuzaji anayekujulisha kwamba bidhaa imekwisha. Akafuta kisu kwenye aproni, mara hii kwa muda mrefu. Aliangalia nje ya paa, kwenye ukingo ambako vigingi vya bwawa jipya vilikuwa vimeshapigwa, vimepakwa rangi nyekundu vichwani, na wavuvi wamevitundikia nyavu. "Wametuletea karatasi hapa. Ya namba. Jana wametusomea. Nusu ya watu wameshaamini."

"Ya namba gani?"

"Elfu arobaini na moja."

Injinia, aliyekuwa amesimama kando, alishusha kichwa.

Mpwa aliinuka. Akaenda katikati ya soko akapiga sufuria kwa mwiko wa chuma. Wapasuaji wakatokea, wachuuzi, waliokuwa wakishona nyavu, wanawake wenye watoto mgongoni, wazee wawili wa kile kijiji cha juu ambao Havuji aliwatambua na ambao hawakumtambua. Walijaa chini ya mabati, wakakaa juu ya ndoo na magogo na miguu yao wenyewe.

"Huyu ni mjomba wangu," akasema mpwa wake. "Ni fundi. Ana neno kuhusu ile karatasi." Kisha akamgeukia. "Lianze upya. Lote. Kama ulivyoniambia."

Havuji alitazama zile nyuso. Akasema kwamba kwenye ngazi palikuwa na matundu, na kwamba kazi ya matundu alikuwa anaijua.

"Paza sauti, mzee," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma. "Huku hatusikii."